Kisanduku cha Mzio Kilikuwa Kitupu

“Mkuu, huyu hajui kazi! Mtoe kabla hajatuulia wagonjwa!”

Aliyesema hivyo, wapendwa, ni mchumba wangu. Mbele ya kikao kizima! Na pete yake nimeivaa!

Ngoja niwape mkanda wote.

Sote wawili tulikuwa mafundi wa kompyuta hospitalini. Mkuu wa hospitali alitaka kuachana na makaratasi: mgonjwa afike mapokezi, apewe tableti, ajaze fomu kwenye kivinjari, majibu yaende kwenye seva yetu.

Programu za kuweka kwenye seva zilikuwa mbili. Mimi nilisimamia moja, yeye nyingine. Itakayochaguliwa, fundi wake ndiye bosi wa kitengo.

Yangu haikuwa na sura, lakini ilihifadhi kila jibu palepale linapoandikwa. Ya kwake ilipendeza balaa, ila haikuhifadhi kitu mpaka ubonyeze kitufe cha mwisho. Na mtandao wa mapokezi ulikuwa unakatika ovyo...

Kwenye kikao nikajaza fomu ya programu yangu, nikachomoa waya wa mtandao makusudi, nikaurudisha kwa mbwembwe.

Fomu nyeupe! Hata jina hamna!

Hapo ndipo mchumba akanitosa. Nikafukuzwa kazi.

Wakati nakusanya vitu vyangu nikachungulia seva. Sehemu ya kuhifadhi ya programu yangu ilikuwa imezimwa. Nywila tuliijua watu wawili tu... mimi na yeye.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama yake. Mama yule alinipenda kama amenizaa.

“Mama, mwanao kanimaliza. Kesho namweleza Mkuu kila kitu.”

Akanishika miguu!

“Mwanangu, watamfukuza. Nisitirie mtoto. Siombi kwa ajili yake, naomba kwa ajili yangu.”

Nikavua pete, nikaiweka mezani kwake. Na nikanyamaza.

Programu yake ikawekwa kwenye seva, akapewa ubosi. Mimi nikarudi nyumbani kukaa.

Siku moja simu ikaita. Yeye!

“Nisaidie! Mama kaugua, nimemleta hapa kazini. Kajaza fomu, kaandika ana mzio na penisilini, nimeona kwa macho yangu! Nikapanda ofisini. Sasa kwenye seva huo mzio haupo!”

“Mtandao ulikatika?”

“Ulikatika... na Mama akazidiwa, hawezi hata kusema. Mhudumu akajaza upya jina na simu tu, akabonyeza kitufe.”

“Basi majibu ya Mama hayakufika. Programu yako inasubiri kitufe. Ulikuwa unajua.”

“Nesi kaona kisanduku cha mzio kitupu, akadhani hana. Akamchoma sindano...”

“Mama yuko wapi?”

“Aliandika, nilimwona...”

“Nakuuliza, Mama yuko wapi?!”

Akaangua kilio. Nikaelewa.

Msibani watu walipanga foleni kumpa pole. Wakamsifu, eti kijana mchapakazi, bosi, mama kaondoka akijivunia. Akapokea pole zote, macho chini. Zamu yangu ilipofika akaninong'oneza:

“Kwa nini siku ile hukunishtaki kwa Mkuu?”

“Mama yako alinikataza.”

Akakaa chini palepale.

Wapendwa, mtu akifanya hila kazini, msemeni siku hiyohiyo, hata mkiangukiwa miguuni. Mimi nilimhurumia mama wa watu, na huruma yangu ndiyo iliyomzika.