Behewa la Akina Mama

Mwaka ule wa 1992 unga ulipoadimika Lubumbashi, watu walizoea kukanyagana katika soko la Kenya, mtaa wa mji huo. Lakini siku moja hakuna aliyekanyagwa. Msichana mmoja wa kitenge cha kijani na kilemba cha manjano alisimama mlangoni pa duka akiwapanga watu: wajawazito mbele, kisha wazee, halafu wengine.

Clément Ngosa, karani wa bohari la malori, hakuiona foleni. Alikuja mbio, shati jeupe limepigwa pasi hadi linang'aa, akapenya moja kwa moja mpaka mbele.

"Weye, papa ya shati nyeupe! Rudia nyuma."

"Nani alikuweka chef hapa?"

"Hii bamama yote. Uliza hata mumoja."

Clément aligeuka, akakutana na macho ya wanawake, akarudi nyuma. Zamu yake ilipofika, unga ulikuwa umekwisha. Msichana alimwona akiukunja mfuko mtupu.

"Uko na bantu ya kulisha?"

"Mama yangu. Miguu yake ilikufa. Ni miye namupikiaka."

"Mwanaume anapika bukari?"

"Inakuwaka na mabonge, lakini anakula."

Msichana, Mujinga kwa jina la kwao, alicheka mpaka kilemba kikalegea, kisha akammiminia nusu ya unga wake akausonge ugali huo.

Alikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya mtaa wa Bel-Air. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, lakini yeye alizaliwa hapohapo mjini, na hiyo Kasai hakuwahi kuiona. Tangu siku ile simu ya zahanati ililia kila adhuhuri, Clément akipiga.

"Allô, dokta, niko mugonjwa."

"Unaumwa wapi?"

"Ku roho."

"Ya roho tunatoaka sindano kubwa, papa. Kuya na ushuke suruali."

Jumapili walitembea pamoja, yeye katika gauni la maua, Clément akimshikia viatu vilipombana. Mujinga alipenda kusema habari za siku zijazo, macho yakimwaka.

"Siku bamama batashika huu muji, gavana atakuwa mama mwenye alishaka kesha na mutoto ya homa. Muntu akifika kwake, hatamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Atamuuliza, umekula?"

"Na siye baume?"

"Mutajifunza."

"Miye nilishaka jifunza, chérie. Unipe tu kazi ya kusonga bukari ya gavana."

Lakini mji ulikuwa unashikwa na wengine. Kwenye mikutano watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, na vijana wakaimba kwamba warudi kwao. Nyumba zikaanza kuchomwa. Familia zilizokimbia zikajaa katika ua wa parokia moja, na Mujinga akaacha kila kitu akaenda huko.

Aliyeinjika sufuria ya kwanza alikuwa Mama Régine, mjane muuza makaa, Mkatanga, yaani mwenyeji wa mkoa ule. "Mwenye anataka kugusa hawa batoto," aliwaambia vijana langoni, "aanze na miye." Yeye na Mujinga waliwagawia wanawake kazi: hawa wapike, hawa waoshe wagonjwa, hawa walinde lango. Hakuna aliyekula kabla ya watoto. Mujinga alikuwa akitazama ua ule na kuuona mji wake, mdogo, wenye moshi na kikohozi, lakini mji wake.

Alasiri moja, akiwa langoni, aliona lori la vijana wenye mapanga likielekea Bel-Air, alikobaki baba yake. Katikati yao alisimama Clément, Mkatanga kama wao, kitambaa chao chekundu kichwani.

Kesho yake simu ya parokia ililia.

"Chérie, sikiliza, papa yako..."

"Usitaje papa yangu na hiyo kinywa! Nilikuona ndani ya lori."

Akakata. Simu ikalia tena, ikalia, akaziba masikio. Alimlilia baba yake kama marehemu huku akiosha vidonda vya watu wengine.

Siku chache baadaye lori la bohari liliingia uani. Clément aliruka chini, akaondoa magunia matupu. Chini yake alilala Papa Élie, baba yake Mujinga, mkono umefungwa bendeji, mwilini shati jeupe la Clément.

"Mwanangu," mzee alisema, "huyu alipanda lori yabo ili afike wa kwanza ku mulango yangu. Aliambia bale baume nyumba iko mutupu. Halafu akanificha ku bohari."

Mujinga alimgeukia Clément.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliacha simu inalia, Mujinga."

Mujinga alimshika uso kwa mikono yake miwili yenye harufu ya dawa, akalia juu ya kifua chake mbele ya watu wote.

"Nikuoe," akasema Clément. "Dada yangu iko Sakania, ku mupaka. Tubebe mama, tubebe papa, tuvuke Zambia."

Mujinga aliutazama ua. Treni ya kuwapeleka wakimbizi Kasai ilikuwa imetangazwa, na wanawake wa ua walikuwa wamemchagua awaongoze.

"Beko bengine batazaa njiani, Clément. Nani atabapokea? Kuya na siye."

"Mama yangu hatafika na ile behewa ya wazi, ku jua."

"Najua. Kama ungemuacha, nisingekupenda."



Siku ya safari stesheni ilifurika mabunda na vilio. Mujinga alikuwa amewapakia wajawazito wake na baba yake, akageuka kumtafuta Clément. Clément hakuja kusimama mbele yake na kushikana mikono. Alikuwa ameona hakuna maji, akabeba madumu begani, behewa hadi behewa, akiwanywesha watu waliokuwa wakifukuzwa na ndugu zake.

Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Clément aliangusha dumu, akainua uso, akamtafuta Mujinga katika behewa lisilo lake.

"Clément!"

Honi ililimeza jina. Wanawake wakaona, wakaliita wote kwa pamoja, wenye mimba na vikongwe, "Cléme-e-ent!" Aligeuka. Alinyoosha mkono juu, akapunga, macho bado yanahangaika kutoka behewa hadi behewa, maji yakimwagikia viatu vyake.

Mujinga alipunga mpaka reli ilipopinda. Kama Clément alimwona, hajui.