Ringi Zilizokuwa Tayari Jumanne

Soko la vipuri saa nne asubuhi halina adabu. Watu wanapigana vikumbo, vyuma vinagongana, na kila muuzaji anaapa kwamba mali yake imetoka kwenye gari la mzee mpole. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani, vipande vya uzi vimemnasa begani, anagonga ringi nne za magurudumu kwa ncha ya kiatu kama anayechagua matikiti.

"Zitaingia kwenye pikapu yangu?"

"Kama mguu kwenye soksi, dada," muuzaji akajibu.

"Matundu ya nati yatakubali," akasema mwanamume aliyekuwa anapita. "La kati ndilo litagoma. Hizi ni za pikapu mpya. Yako ya lini?"

"Ya marehemu baba."

"Sijauliza ya nani."

"Na mimi sijakuuliza kitu, kaka, lakini naona unajibu."

Yule mwanamume akacheka mpaka muuzaji akakasirika. Ndiye Fundi Ringi, anayejulikana soko zima kwa kuharibu biashara za watu. Yeye mwanamke alikuwa mshona makochi, mtaani wanamwita Dada Sponji. Alizinunua ringi zile, naye fundi akamwambia amletee gari. Mkerezaji wa vyuma atayapanua yale matundu ya kati kwa mashine yake, na Jumatano gari litaondoka.

Jumatano ilikuwa na maana. Mama yake aliishi mji wa mbali, na kwa miezi miwili alikuwa hawezi kulala chali. Akilala, pumzi inakata. Alikuwa anasinzia amekaa, mgongo ukutani. Binti akamshonea kiti kikubwa cha kuegemea, sponji nene, mikono mipana. Basi lisingekibeba. Ringi za zamani zilikuwa na nyufa, zisingefika. Lakini kwa fundi alisema tu, "Nampelekea mama zawadi." Ugonjwa wa mama si habari ya kumpa mwanaume uliyekutana naye sokoni Jumatatu.

Jumanne saa sita ringi zilikuwa tayari. Fundi alizipanga karakana nyuma ya turubai, akanawa mikono. Dada Sponji akaingia na gauni la manjano, kucha zimepakwa rangi.

"Vipi, tayari?"

"Mashine ya mkerezaji imekufa beringi," fundi akasema. "Labda kesho."

Hakuwa amepanga. Ulimi hauna mfupa. Aliona tu kwamba gari likiondoka, na gauni lile linaondoka.

Kesho ikazaa kesho nyingine. Kila mchana mwanamke alikuja, akakalia tairi bovu, akamenya machungwa.

"Fundi gani wewe, siku zote hizi huna gari linalotoka?"

"Linatoka. Wewe ndiye hutoki."

"Nitoke?"

"Thubutu."

Alhamisi mama akapiga simu, sauti nyembamba lakini ya uchokozi. "Huyo anayecheka huko ni nani?"

"Fundi, mama."

"Fundi wa kuchekesha? Mpe simu. Baba, nifungie gari la mwanangu vizuri. Usifanye haraka."

"Sifanyi haraka, mama."

"Nasikia," mama akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Binti akaichukua simu upesi.

Jioni ile alimwita fundi "laazizi" kwa mara ya kwanza, akaona haya, akajifanya amemaanisha chungwa.

Jumamosi asubuhi shangazi yake akapiga.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Ameondoka alfajiri. Palepale ukutani."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkerezaji kudai ringi zake, zimekwisha au hazijaisha. Mkerezaji akamshangaa. "Ringi? Si mtu wako alizichukua Jumanne?"

Alipofika karakana hakupiga kelele. Alilivuta turubai, akazitazama zile ringi nne zinavyong'aa.

"Mama amekufa," akasema. "Alikuwa hawezi kulala. Ile zawadi ni kiti, na kingekuwa kitanda chake."

Spana ikamtoka fundi mkononi. "Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia. Funga."

Akafunga. Aliinua gari kwa jeki, akahamishia matairi kwenye ringi zile, akazipachika moja moja, akakaza nati huku jasho na machozi vinamchanganyikia shingoni. Mwanamke alisimama kando na gauni jeusi lisilopigwa pasi. Kiti kilikuwa tayari nyuma ya pikapu, kimefungwa kamba.

"Utakipeleka kwa nani sasa?"

"Kuna watu watakuja kulia. Watahitaji pa kukaa."

"Nikusindikize."

"Kwa uso gani?"

Fundi akamkabidhi spana. "Ringi mpya kwenye gari la zamani hulegeza nati likitembea. Ukimaliza kilomita hamsini, simama uzikaze tena."

Mwanamke akaiweka spana kiti cha mbele, akawasha injini. Pikapu ikatoka getini imetulia, haitikisiki hata kidogo. Fundi alikuwa hajapata kufunga magurudumu vizuri hivyo.

Saa moja baadaye simu yake ikaita.

"Nimesimama. Nianze na nati ipi?"

"Ya juu. Halafu ya chini inayoitazama. Usizifuate kwa duara."

Akasikia chuma kinakwaruza, pumzi za mwanamke, malori yanapita. Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Baada ya nati ya mwisho sauti ya chuma ikakoma.

"Upo?" fundi akauliza.

"Jumatano nilipita kwa mkerezaji," akasema. "Mashine yake ilikuwa inanguruma. Nikaisikia mpaka barabarani. Nikaja kwako, nikakuuliza imepona, ukasema bado." Akangoja lori lipite. "Nikafurahi. Unanisikia? Nilijua unanidanganya, nikakaa nikamenya machungwa."

Fundi akaegemea ukuta wa karakana. "Mpenzi, niruhusu nije."

"Usije. Wewe naweza kukusamehe, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikikusamehe wewe nitabaki na nani wa kumlaumu?"

"Nilaumu mimi. Nilaumu muda wowote utakao."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Nisaidie hivyo kwanza."

Hakukata simu. Fundi akasikia mlango ukifungwa, injini ikiwaka, gia ikiingia, kisha yule mwanamke akianza kulia kwa sauti huku anaendesha. Akaishika simu sikioni mpaka mtandao ukapotea.