Waya Mbili Nyekundu

Viviane wa mtaa wa Ngezi, Bunia, alifanya kazi ya kutangaza. Mume wake, Félicien, aliendesha gari lao kuukuu lenye bafu mbili, yaani vipaza sauti vikubwa, juu ya paa. Viviane alishika maikro. Walitangaza arusi, misa, na wiki hiyo chanjo ya surua kwa watoto.

Asubuhi moja Viviane alikuwa akimenya mihogo uani. Félicien alikuwa ndani ya gari, anaunga waya mpya za amplifikateri, kile chombo kinachokuza sauti. Dukani alikuwa amepata rangi moja tu, nyekundu, kwa waya zote mbili: ya plus, yaani chanya, na ya masi, yaani hasi.

"Papa Glodie, ile ya plus unaijua?" Viviane alimuuliza mume wake, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ninaijua, mama. Usiogope."

Akagusisha waya kwenye batri. Paa! Mlio mkavu, mkali, kama risasi. Moshi ukatoka chini ya kiti.

Charlotte alikuwa anafua karibu na mlango. Mama huyu alikuwa amekimbia vita Djugu, akapewa chumba uani kwao. Alinyakua mtoto wake, akavunja ua wa miti, akalala kifudifudi katikati ya mihogo ya jirani. Barabarani watu walikimbia. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

"Hapana bunduki! Ni gari yetu!" Viviane alipiga kelele. Kisu kilikuwa kimemponyoka bila yeye kujua.

Félicien alisimama mdomo wazi. Waya ilikuwa inayeyuka mbele yake.

"Toa ile waya ku batri!" mke wake alilia.

Akaichomoa, ikamuunguza vidole.

Viviane alikwenda kwenye mihogo. Charlotte alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake. Viviane alikaa chini kwenye udongo pamoja naye.

Mchana Élise, fundi wa redio, alikuja na testeri yake ya kupimia umeme.

"Fizibu iko wapi?" aliuliza.

Félicien aliangalia chini. "Iliungua. Niliweka kipande ya waya."

"Aa, papa! Umeme ikizidi, fizibu inakatika, moto haianze. Bila fizibu, gari yote ingeweza kuungua."

Alifuata waya kwa kidole. "Na hapa uligeuza. Ya plus uliunga ku masi, ya masi ku plus."

Akafungua amplifikateri. Ndani, diode, kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ilikuwa imepasuka vipande viwili. "Hii njo ililia paa," alisema. Vikopo viwili vya kondasateri, vinavyotunza umeme, vilikuwa vimevimba. Akapima transista, vile vipande vinavyokuza sauti, moja moja. "Hizi ziko mzima. Muko na bahati."

Alibadilisha vipande vilivyokufa. Hakuunga chombo moja kwa moja. Kwanza alipitisha umeme wa plus kwenye balbu ya taa ya gari. "Balbu ikiwaka sana, kungali shoti. Ikizimika, iko salama."

Balbu iliwaka kidogo, ikazimika.

Félicien alifunga utepe mweusi kwenye waya ya masi. Aliweka fizibu ya kweli karibu na batri, ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye amplifikateri. Alipima kwa testeri mara mbili. Akaunga plus, halafu masi mwisho kabisa.

Kabla ya kuwasha, Viviane alipita kila nyumba. "Tunawasha sauti sasa. Musishituke." Kisha akamwambia Charlotte, "Ndugu, utusamehe. Na utusaidie. Tunaenda kutangaza chanjo ku kambi ya waliohama. Watu wa kwenu kule hawasikii Kiswahili yangu muzuri."

Charlotte akamfunga mtoto mgongoni, akapanda gari.

Kwenye lango la kambi ya waliohama alishika maikro kwa mikono miwili. Alitangaza chanjo kwa lugha yao, polepole. Sauti ilitoka safi. Mahemani, mama mmoja alisimama, akasikiliza, akaita mwenzake.

Kesho yake saa moja asubuhi, mstari wa chanjo pale kambini ulikuwa umeshafika barabarani.