Chakula Alichokimwaga Kirezi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kushona nguo kwenye karakana ya mtaa wa Kimisagara, Mama Béatha aliacha chakula cha mchana mezani kikiwa kimefunikwa: maharage, kisamvu, viazi vitamu na, mara mbili kwa juma, yai la kuchemsha. Kando yake aliweka fedha kidogo za maziwa. Ilikuwa likizo kubwa, na Kirezi, bintiye wa miaka kumi na mitatu, alibaki peke yake hadi saa za mazoezi ya mbio.

Kirezi hakukigusa chakula kile. Alikimwaga kwenye pipa la taka, akakifunika kwa maganda, kisha akaosha sahani. Fedha za maziwa alinunulia soda na krispi, akala na rafiki yake Ingrid huku wakicheka. Hata shuleni, muhula mzima uliotangulia, maharage yake aliwagawia wenzake, naye akalijaza tumbo biskuti.

Jioni mama aliitazama sahani safi, akatabasamu kwa uchovu. "Umekula vizuri, mwanangu. Asante."

"Kilikuwa kitamu, Mama."

Ilipofika Agosti, Kirezi alianza kuhema akipanda kilima cha kurudi nyumbani. Kichwa kilimuuma, viganja vikapauka. Yeye aliyezoea kuwaacha wenzake nyuma, sasa aliburuta mkia. Kocha Nsengiyumva alipomuuliza kama anaumwa, alisingizia jua. Siku tatu kabla ya mashindano ya mbio, miguu ilimlegea katikati ya mazoezi, akaanguka.

Kwenye kituo cha afya, mama yake akiwa kando, damu yake ilipimwa. Muuguzi Illuminée aliyasoma majibu mara mbili.

"Mama, mtoto huyu ana upungufu mkubwa wa damu. Haukuanza jana. Nyumbani anakula nini?"

Mama Béatha akataja vyote, kimoja kimoja. "Na yai pia. Yai namwachia yeye. Mimi natosheka na chai na muhogo."

Muuguzi akakunja uso. "Niambie ukweli, mama. Anayekula hivyo kila siku hafiki hali hii kirahisi."

Mama akainamisha kichwa. Vidole vyake, vilivyojaa alama za sindano, vikawa vinakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Basi nimeshindwa mimi," akasema kwa sauti iliyokatika. "Sijui kumlisha mwanangu."

Kirezi akamtazama mama yake. Akinyamaza, aibu yote itakuwa ya mama.

"Si yeye!" akasema. "Chakula nilikuwa nakimwaga. Kila siku. Nilikula krispi na soda."

Mama hakumgombeza. Aligeukia ukutani akalia bila sauti, na Kirezi akaona afadhali angechapwa.

Mashindano yalipita bila yeye. Alimeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi mitatu, shule ilipofunguliwa akala chakula cha huko, na jioni akala pamoja na mama. Nguvu zilirudi polepole. Lakini kila siku mama aliichungulia sahani, kisha akalichungulia pipa, na Kirezi akaangalia pembeni.

Siku ya kupimwa tena, Muuguzi Illuminée alitabasamu.

"Damu imepanda. Kumbuka, Kirezi: krispi, biskuti na soda hushibisha tumbo lakini haviujengi mwili. Ukivifanya kuwa mlo wako, damu hukosa inachohitaji, na chumvi na sukari nyingi hukuletea maradhi mengine ukubwani."

Walirudi kwa miguu. Walipofika nusu ya kilima, Kirezi akauliza, "Mama, utaniamini tena lini?"

Mama Béatha alisimama akavuta pumzi.

"Damu yako imechukua miezi mitatu kurudi, mwanangu. Imani nayo ina muda wake. Wewe kula, na useme kweli hata ikikuaibisha. Mimi nitangoja."

Akamshika mkono, wakaendelea kupanda.