Sauti Ndani ya Stoo ya Samaki

Rafiki yangu Gesare huuza samaki wakavu hapa sokoni Roret. Mwezi uliopita alisafiri hadi Vanga, mji mdogo wa wavuvi kule Pwani, kununua mzigo mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana, lakini stoo aliyoingia kuchagua samaki haikuwa na dirisha. Mwenye samaki alibaki mlangoni. Gesare alipokuwa akipapasa magunia gizani, alisikia sauti ya mama yake, aliyemwacha Roret, ikimwita polepole kutoka kwenye kona: "Gesare, njoo unishike mkono."

Alitoka mbio, akampigia simu.

"Mama, uko wapi?"

"Niko shambani, nachuma chai." Kisha mama akatega sikio. "Gesare, na huyo anayeniita mama hapo nyuma yako ni nani?"