Mkutano kwa Khamala

Kila jioni baada ya shule, Wagaki aliteka maji mferejini, akamenya viazi, kisha akatumwa mafuta ya taa dukani. Ploti yao ya vyumba vya kupanga, kule Kawangware, ilikuwa ya nyanya yake, Wamuyu, na wapangaji wengi walikuwa mafundi waliotoka magharibi mwa nchi.

Jioni hiyo alimkuta dukani Thuo, kijana wa chama tawala, yule aliyezoea kujua nani kalala kwa nani. Thuo alimnunulia mandazi, akamuuliza kwa upole mbona kwa Khamala seremala, mpangaji wao, watu hawakatiki.

"Kuna mkutano," Wagaki akajibu, mdomo umejaa.

Hakukusudia kudanganya. Aliona watu wamekusanyika, akalitaja neno la kwanza lililomjia. Lakini miaka ile, mkutano bila kibali cha chifu ulikuwa kosa. Thuo akalifikisha neno hilo kwa chifu, na asubuhi Khamala akachukuliwa na askari. Majirani nao wakaanza: huyu akidai Khamala ni Mganda aliyejipenyeza, yule akilalamika kwamba kuimba kila jioni si desturi ya hapa. Kageha, mkewe Khamala, alikuwa akikunja mikeka ya wageni, mmoja mmoja.

Wagaki alimwendea nyanya yake jikoni, akamweleza yote, hata mandazi.

Wamuyu aliweka mwiko chini. "Kwani mle ndani walikuwa wanafanya nini?"

"Kuimba, Cucu," akamwambia nyanya yake. "Na kulia."

"Mama yake Khamala amefia Tororo, ng'ambo ya mpaka. Huko kuna vita, hawezi kwenda kumzika. Ndiyo maana jamaa zake wanatoka Kibera kwa miguu kuja kumlilia pamoja naye. Hayo ni matanga, mwanangu."

Wagaki alilia kidogo. Kisha akafuta uso, akasema atakwenda kwa chifu. Wamuyu akajifunga leso, wakaandamana.

Khamala alikuwa ameketi kwenye benchi ofisini kwa chifu, unga wa mbao bado nyweleni. Wagaki akasimama mbele ya chifu.

"Mimi ndiye niliyesema mkutano. Nilikosea. Ni matanga. Mama yake amekufa."

Khamala akafunika uso kwa viganja. Chifu akakohoa, akamwambia Khamala aende nyumbani.

Walipofika mlangoni, Thuo, aliyekuwa akisubiri nje, akawazuia. Alisema mwenye ploti aombe radhi kwanza, kwa kuficha wageni na mila zao ngeni. Chifu naye akamsihi Wamuyu aseme tu neno hilo, yaishe.

Wamuyu alimshika mjukuu wake mkono. "Wagaki, mambo ya nyumba ya mtu hayauzwi kwa mandazi. Na ukikosea, rudi ukaseme ukweli, kama ulivyofanya leo."

Kisha akamgeukia chifu.

"Mtoto amekiri kosa lake, limekwisha. Mimi nilimpa jirani mahali pa kumlilia mama yake. Leo jioni wataimba tena, na chai nitapika mimi. Radhi siombi."