Alama Ndani ya Kola

Kwa maneno ya Mzee Redio, mambo yalikwenda hivi. Wazungu watatu walipanda mlimani wakiwa na farasi mmoja na sanduku. Wakamkuta dobi anafua mashuka pale chemchemini. Wakamtolea blanketi jekundu na kioo cha kujitazamia. Dobi akajitazama, akajipenda, akacheka peke yake. Kisha akapewa kalamu, akatia msalaba kwenye karatasi. Basi. Mlima ukaenda na chemchemi yake, na watu wote wakateremshwa na vyungu vyao kichwani.

"Kwa blanketi moja," Mzee Redio humalizia. "Tena lilikuwa na tundu."

Mwaka jana hilo tundu halikuwapo.

Walimwita Redio kwa sababu alijiwasha alfajiri, na hakuna aliyewahi kuona betri zake zikiisha. Nyumba yake ilipakana na ya Mama Pasi, dobi wa mtaa. Yule dobi wa blanketi alikuwa babu yake Mama Pasi. Hadithi hiyo aliikuta, kama alivyolikuta karai la kufulia na pasi ya mkaa. Mashati ya Mzee Redio alikuwa akiyafua yeye. Alipokuwa anayapiga pasi, wakati mwingine alikandamiza kola kuliko ilivyohitajika.

Mwaka huu maneno hayo yakaanza kuuma. Serikali ilitangaza kwamba shamba la mlimani, lililobaki pori tangu mkoloni wa mwisho aondoke, litarudishwa kwa familia zilizofukuzwa. Kamati ikaundwa. Mama Pasi akaenda kuandikisha familia yake. Katibu akaifunga kalamu yake.

"Dada, nisamehe. Wanasema nyinyi mliuza. Aliyeuza harudishiwi."

"Wanasema akina nani?"

"Watu wote tu. Kikao cha mwisho ni Jumamosi. Orodha inafungwa siku hiyo."

Mama Pasi alirudi nyumbani akilifikiria bomba lake, linalotoa maji siku mbili kwa wiki. Akaifikiria na chemchemi. Kipande kidogo tu pale kingemtosha, mawe mawili ya kufulia na kamba ya kuanikia. Lakini hilo halikuwa zito kama aibu aliyoibeba baba yake.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitia alama nguo za wateja. Macho yalikuwa yamechoka, ila vidole vilijua kazi. Ndani ya kila kola alishona uzi mwekundu, mishono mitatu iliyosimama na mmoja uliolala chini yake. Hiyo ndiyo alama ya nyumba yao. Alifundishwa na baba yake, naye akamfundisha binti yake. Nguo ikipotea, alama huirudisha.

"Baba, ni kweli babu aliuza mlima?"

Mzee alikata uzi kwa meno. "Sijui, mwanangu."

"Hukumuuliza?"

"Niliogopa. Angesema ndiyo, ningemtazama vipi?" Akatunga uzi mwingine. "Ndiyo maana mimi na vikao hatujuani."

Aliyewajibu alikuwa mteja. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, amekuja kuchukua sketi zake. Kazi yake ilikuwa kutunza nyaraka za zamani katika jengo la serikali, nyuma ya posta.

"Hiyo karatasi ya blanketi," akasema, "nani ameiona?"

Baba na binti wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo.

"Basi njoo Jumatano. Njoo na kitambulisho na jina la mlima. Mwaka tutautafuta pamoja. Kuingia ni haki ya kila mtu."

Jumatano Mama Pasi alivaa gauni lake la harusi za watu. Mlangoni aliandika jina lake kwenye daftari. Akaambiwa anawe mikono, aiache kalamu ya wino, achukue ya risasi.

"Na usilambe kidole kufungulia kurasa," mtunza nyaraka alisema. "Mate yanaozesha karatasi."

Jalada lililetwa kwenye boksi. Karatasi ya kwanza ilikuwa na makunyanzi kama shati lililolaliwa.

"Hii ningeipitishia pasi ya moto mdogo," Mama Pasi alinong'ona.

"Pasi yako iache huko huko, mama."

Mkataba ulikuwa wa lugha ya kigeni. Mtunza nyaraka alimsomea polepole, akiugeuza kwa Kiswahili. Ulisema kwamba wazee kumi na wawili wanautoa mlima, wao na vizazi vyao, milele. Chini yalikuwa majina kumi na mawili, na kila jina lilikuwa na msalaba wake. La babu yake lilikuwa la tano.

"Tazama misalaba," mtunza nyaraka akasema. "Kwa macho ya dobi."

Mama Pasi aliinama. Kila msalaba ulilalia kushoto. Kila mmoja ulikuwa na kidoa cha wino pale kalamu ilipoinuliwa.

"Ni mkono mmoja," akasema. "Mtu mmoja ameitia yote."

"Sehemu nyingi ilikuwa hivyo. Wakubwa wao walikuwa wamekwisha kugawana nchi mezani, kwao, kabla hawajazikanyaga. Kilichobaki ni karatasi ya kuonyeshana wenyewe kwa wenyewe. Wapo wenyeji waliotia alama wakidhani ni urafiki. Wapo waliolazimishwa. Na wengine hata hawakuwapo."

"Na watu walikubali tu kuteremka?"

"Ililetwa sheria, kwamba ardhi isiyo na hati ni ya serikali yao. Sasa nani huku alikuwa na hati? Kisha ikaja kodi ya kichwa, na ilitakiwa fedha. Fedha ilipatikana wapi? Kwa yule yule aliyechukua mlima, umfanyie kazi."

"Ndiyo maana babu alirudi kufua pale pale."

"Mashati yao. Sasa fungua karatasi ya pili."

Ilikuwa barua, ya mwaka uliofuata, imeandikwa kwa Kiswahili na karani fulani. Hii Mama Pasi aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari bila kuugusa. *Sisi hatukuuza. Tuliambiwa tunahesabiwa. Twaomba tusikilizwe.* Chini yake yalikuwa majina yale yale kumi na mawili, safari hii kwa alama za vidole. Isipokuwa la tano. Hapo palikuwa na mistari mitatu iliyosimama, na mmoja uliolala chini yake.

Mtunza nyaraka alisogeza boksi mbali kidogo, machozi ya Mama Pasi yasije yakadondokea jalada. Halafu akaenda kutoa nakala, akazigonga muhuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Babu alikuja. Aliketi mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, shati lake limenyooshwa hadi linakata. Mama Pasi alisoma barua kwa sauti. Alikwama mara mbili, akarudia, akaendelea, kisha akawaonyesha alama ya jina la tano.

Mzee Redio alisimama. "Maneno mazuri. Lakini vijistari hivyo hata kuku anaweza kuparua. Nani anajua ni alama ya dobi?"

"Mzee wangu, nakuomba ugeuze kola ya shati lako."

Akaigeuza. Mwenyekiti akaigeuza yake. Katibu naye. Ukumbi mzima ukawa unachunguliana shingo, watu wakaanza kucheka, na Babu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na jina la saba," Mama Pasi akaongeza, kwa upole, "ni la babu yako wewe, Mzee Redio. Naye hakuuza. Kidole chake hiki hapa."

Mzee Redio aliishika nakala kwa mikono miwili. Katibu alifungua kalamu, akaandika familia ya dobi kwenye orodha.

Siku hizi mashuka ya mtaa yanaanikwa mlimani, karibu na chemchemi. Shule imebandika nakala za karatasi zote mbili ukutani, na watoto wanaipima misalaba kwa rula. Familia nyingine tatu zimekwisha kwenda kule nyuma ya posta, na vitambulisho vyao, kuulizia mambo yao.

Asubuhi moja Mzee Redio alipanda na furushi lake la mashati. Babu alikuwa juani, anashona alama.

"Jirani, nina ombi," Babu alisema. "Kila nyumba uliyoipitishia lile blanketi, ipitishie na barua. Binti yangu ameshanisomea. Nataka niisikie kwa sauti yako, kupitia ukutani, alfajiri."

Mzee Redio aliweka furushi kwenye jiwe. Akajikohoza, kama redio inayotafuta stesheni. Chemchemi ilisikika vizuri.

Babu alitunga uzi, akasubiri.